Karabini za Kale: Alama Zake, Historia Yake na Sheria Yetu

Wasomaji wa Musoma, Bunda na Butiama wametuuliza kuhusu karabini, yaani bunduki fupi zilizotengenezwa kwa ajili ya askari wa farasi, ambazo wakusanyaji wa vitu vya kale duniani huzitafuta kwa udi na uvumba. Mtaalamu wetu wa silaha za kihistoria anajibu.

Karabini inatofautianaje na bunduki nyingine za zamani? (Musoma)

Tofauti kubwa ni mtutu. Askari aliye juu ya farasi, mkono mmoja umeshika hatamu, hawezi kuhangaika na bunduki ndefu. Mauser ya Kijerumani ya mwaka 1871 ilikuwa na urefu wa karibu sentimita 135; karabini yake ilikuwa takriban mita moja tu. Martini-Henry ya Waingereza ilifika sentimita 124, na karabini ya wapandafarasi iliyotolewa mwaka 1877 ilikuwa sentimita 96 hivi. Ufupi na wepesi huo ulikuwa na gharama: karabini ilisukuma bega kwa nguvu zaidi, na shabaha ya mbali ilikuwa ngumu.

Huku kwetu hakukuwa na vikosi vya farasi. Bunduki fupi zilifikaje? (Bunda)

Farasi walizuiwa na mbung'o. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, wapandafarasi wa Afrika Kusini, chini ya Jenerali van Deventer, walipokwenda Kondoa Irangi, walipoteza farasi kwa mamia njiani. Lakini bunduki fupi humfaa pia mtu anayetembea vichakani, na mataifa ya Ulaya yalikuwa na desturi ya kuleta makoloni silaha zilizokwisha kupitwa na wakati kwao. Ndiyo maana askari wengi wa jeshi la kikoloni la Wajerumani waliingia vitani mwaka 1914 wakiwa bado na Mauser za mtindo wa 1871. Zilipiga risasi moja moja, kwa baruti nyeusi, na moshi wake ulimwonyesha adui pale askari alipojificha.

Nyingine zilibadilisha mikono kwa nguvu. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, Iringa, Wahehe wa Chifu Mkwawa walikivunja kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Zelewski, wakateka bunduki zipatazo 300.

Kwa nini wakusanyaji wanapenda karabini kuliko bunduki ndefu? (Musoma)

Kwanza ni uchache. Askari wa farasi walikuwa wachache kuliko wa miguu, kwa hiyo bunduki zao zilitengenezwa kwa idadi ndogo, na nyingi zilichakaa kwa kugongagonga tandiko. Pili, zama zake zilikwisha mapema. Mwaka 1903 Waingereza walianza kutoa Lee-Enfield moja fupi kwa askari wa miguu na wa farasi pia, na karabini ikakosa kazi. Sababu ya tatu ndiyo kubwa: kila alama iliyogongwa kwenye chuma au mti wake ni ushahidi wa ilikotengenezwa na jeshi lililoimiliki. Mkusanyaji makini hununua ushahidi huo. Ukiufuta, kinachobaki ni chuma na mti tu.

Nitatambuaje halisi na ya bandia? (Musoma)

Soma alama kwa utulivu. Karabini ya Martini-Henry iliyotoka kiwanda cha Enfield huwa na taji, herufi V.R. za Malkia Victoria, jina la kiwanda, mwaka, na alama ya I.C.1. Mafundi wa milimani, mpakani mwa Pakistan na Afghanistan, wamenakili bunduki hizi kwa vizazi kadhaa, na makosa yao huwaumbua. Victoria alifariki Januari 1901, kwa hiyo V.R. pamoja na mwaka 1907 ni uongo ulio wazi. Wakati mwingine hata herufi N katika Enfield imegeuzwa. Kwa Mauser, linganisha namba za vipande mbalimbali: zikifanana, thamani hupanda.

Tunaambiwa babu, askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza), alirudi na karabini kutoka Burma. Yawezekana? (Butiama)

Msimvunjie heshima babu, lakini pimeni habari hiyo. Askari wa Afrika Mashariki waliopigana Burma mwaka 1944 walitumia silaha za jeshi, na askari aliyeruhusiwa kwenda nyumbani alirudisha bunduki ghalani. Vilivyo vyake kweli ni medali, cheti cha kuachishwa jeshi, barua na namba yake ya jeshi. Vitunzeni hivyo, na andikeni simulizi za wazee wangali hai.

Nikiipata, niisafishe? (Bunda)

Usiiguse kabisa kwanza. Huenda ina risasi ndani, na baruti ya zamani bado inaweza kulipuka. Mjulishe mwenyekiti wa kijiji au polisi, waje wao. Ikishathibitishwa kuwa salama, adui mkubwa ni msasa: huondoa kutu pamoja na alama. Mafuta mepesi kwa kitambaa laini yanatosha. Usiihifadhi kwenye ala ya ngozi, maana ngozi hushika unyevu. Na mtu asithubutu kuijaribu kwa risasi za kisasa; chuma cha zama za baruti nyeusi kinaweza kupasuka usoni mwake.

Lakini ni kitu cha kale. Sheria inanibana? (Bunda)

Marekani, chini ya sheria yao ya mwaka 1968, bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla huhesabiwa ya kale na kulegezewa masharti. Usiibebe sheria hiyo kuja nayo Tanzania. Sisi tunayo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Uzee wa bunduki usikudanganye kwamba kibali hakihitajiki. Bunda inapakana na Serengeti, na bunduki isiyo na kibali humfanya mtu ashukiwe ujangili. Serikali imewahi kutangaza vipindi vya msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari; kikitangazwa kingine, kitumieni.

Basi sisi wapenzi wa historia tufanye nini? (Butiama)

Kabla silaha haijasalimishwa, ombeni polisi ipigwe picha: kila alama, kila namba, pande zote. Andikeni ilikopatikana na nani aliyekuwa nayo. Pelekeni nakala Makumbusho ya Mwalimu Nyerere hapo Butiama, yaliyofunguliwa mwaka 1999, mkaombe ushauri wa uhifadhi. Kumbukumbu hiyo mnaweza kuimiliki kihalali, na mtafiti wa kesho ataitafuta kabla hajauliza bunduki yenyewe ilikwenda wapi.