Mzazi Naye Aulizwe Hali

Mdogo wangu, sogea tuzungumze. Nasema na wewe uliyejifungua juzijuzi, ambaye wageni wanakuja na sabuni na khanga, wanampakata mtoto, wanasema kafanana na baba yake, wanaaga. Umekandwa maji ya moto, mtori umekunywa, uji wa pilipili manga umekunywa, na bado usiku unamtazama mwanao na moyoni huhisi kitu. Unamnyonyesha kwa kuwa analia. Kisha unalia na wewe, chini kwa chini, mume asiamke. Asubuhi ukiulizwa, "Mzima tu, namshukuru Mungu." Najua kwa nini unajibu hivyo. Unaogopa ukisema huna furaha wataona humtaki mtoto, na wako wenzako wanaomlilia Mungu miaka na miaka awape.

Machozi ya siku za mwanzo hayo yasikutishe. Maziwa yanashuka, usingizi hakuna, unalia bila sababu, na kwa wengi hupita yenyewe kabla ya wiki mbili kwisha. Ninalokuonya ni lile lisilopita. Wiki ya tatu hiyo, chakula hakipiti, mtoto kalala lakini wewe huna usingizi, hata kuoga huoni maana yake, na umeshika moyoni kwamba wewe si mama. Hiyo ni sonona, nayo ni ugonjwa. Huweza kuanza mimba ikiwa bado tumboni, au mtoto akiwa wa miezi sita, wakati kila mtu keshasahau kwamba ulijifungua. Shirika la Afya Duniani linasema huwapata zaidi ya wanawake 10 katika kila 100 wajawazito na waliojifungua karibuni. Kwa hiyo kwenye lile benchi la kliniki usijione uko peke yako, hata kama wote mnajibizana "mzima".

Na watu, jamani, hawakosi la kusema. Huyu karogwa, yule ana jini, mwingine anaringa. Uganda, miaka ya 1970, daktari Mwingereza John Cox aliwakuta Waganda wakiuzungumzia ugonjwa wa wazazi waliouita amakiro, na wengi walisema mama ameupata kwa kutoka nje ya ndoa akiwa mjamzito. Hebu fikiri, unaumwa na juu yake unaitwa mzinzi! Cox huyohuyo na wenzake, mwaka 1987, ndio waliotoa maswali 10 yaitwayo ya Edinburgh, ya kumpima mzazi dalili za sonona. Yanauliza kama bado unaweza kucheka, kama unajilaumu bure, kama unalia, kama umewaza kujidhuru. Hakuna hata moja linalogusa mwenendo wako.

Sasa nisikilize. Kila mwezi unampeleka mtoto kliniki. Anavuliwa nguo, ananing'inizwa kwenye mzani, nesi anaandika kilo kwenye kadi, anaita mwingine. Usingoje akuulize, foleni yake imefika mlangoni. Mwambie wewe: "Dada, mtoto mzima, mimi ndiye naumwa. Silali, nalia, sina hamu ya kitu." Yanatosha. Akikujibu ovyo, na wapo wa hivyo, usirudi nyumbani na fundo lako. Omba kumwona daktari, au nenda kituo kingine. Huenda wakakupima na damu, maana upungufu wa damu na maradhi ya tezi ya shingoni nayo huchosha mtu hivyohivyo. Wapo wanaopona kwa kuzungumza na mshauri, wapo wanaohitaji dawa. Usikimbie dawa eti utaachishwa kunyonyesha. Ziko ambazo mama anayenyonyesha hupewa, mradi daktari ajue. Huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, kwa hiyo usizitupe siku ya tano, na ukipata nafuu usijikatie mwenyewe.

Maombi yaendelee, dua isomwe. Ila anayekuombea akikukataza hospitali, huyo usimsikilize.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa sitafuni maneno: sonona huua. Ukijiwa na fikra ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, au ukisikia sauti wasizozisikia wengine, usingoje siku ya kliniki. Mwamshe mume, mwamshe mama, gonga kwa jirani hata saa nane za usiku, mwende hospitali, na usibaki peke yako na mtoto. Kuwaza hivyo hakukufanyi mtu mbaya. Ugonjwa ndio umefika pabaya.

Nanyi mawifi, akina shemeji, mama mkwe, mkienda kumwona mzazi msiishie kumpakata mtoto. Fueni nepi, mwacheni alale kwa muda wa saa mbili, kisha mkae naye faragha mumuulize hali yake yeye. Akisema mzima na macho yamevimba, muulizeni tena.

Na wewe mdogo wangu, kliniki ijayo usigeuke na kadi yako mkononi ukaondoka. Kabla hujamvisha mtoto nguo, mwambie nesi.