Mifupa na Utunzaji Wake: Kijitabu kwa Ahali ya Nyumba

Watu wengi wakitaja mifupa hudhani wanataja kitu kilichokwisha kufa, kwa kuwa mfupa wauonao kila siku ni ule uliobaki sahanini, au ule uliotupwa jaani ukakaushwa na jua. Walakini mfupa ulio ndani ya mwili wa mtu aliye hai una damu ipitayo na mishipa ya fahamu ihisiyo maumivu, wala haupumziki hata siku moja, kwani zimo ndani yake chembe hai ambazo kazi yake ni kuubomoa kidogo kidogo, na nyingine ambazo kazi yake ni kuujenga upya, hata inakadiriwa kwamba kwa muda wa mwaka mmoja kiasi cha sehemu moja katika kumi ya mifupa ya mtu mzima huwa imeondolewa na mingine kuwekwa mahali pake. Na maadamu ujenzi huo hautaki ila vifaa vitokavyo jikoni, kijitabu hiki kinamwelekea kwanza mama apikaye na baba aendaye sokoni, kabla ya kumwelekea mgonjwa. Kwani mifupa ya bibi kizee aghalabu huamuliwa katika nyumba aliyolelewa alipokuwa binti.

Kazi za mifupa

Mtoto mchanga huzaliwa na vipande vya mifupa vipatavyo 270 au zaidi, vingi katika hivyo vikiwa bado ni gegedu laini, na kadiri akuavyo vipande hivyo hushikana, hata akiwa mtu mzima huwa amebaki na mifupa 206. Utosi ule ambao bibi huupaka mafuta kwa taadhima si ugonjwa wala si upungufu, bali ni nafasi iliyoachwa baina ya mifupa ya fuvu ili kichwa kipate kupita wakati wa kuzaliwa na ubongo upate nafasi ya kukua, nayo hujifunga aghalabu kabla mtoto hajatimiza miaka miwili. Mifupa iliyo mingi zaidi imo katika viganja na nyayo: kila mkono una 27 na kila mguu 26, basi jumla yake ni 106, yaani zaidi ya nusu ya mifupa yote. Mrefu kuliko yote ni fupa la paja, na mdogo kuliko yote umo ndani ya sikio, urefu wake wapata milimita 3 tu.

Kwamba mifupa hutusimamisha, na kwamba fuvu huukinga ubongo na mbavu huukinga moyo na mapafu, ni jambo lililo bayana kwa kila mtu. Lisilo dhahiri ni kwamba ndani ya mifupa umo uboho mwekundu, na humo ndimo damu inamozalishwa usiku na mchana. Na kwa hiyo maradhi ya damu huweza kujionyesha mifupani, kama ionekanavyo kwa watoto wenye selimundu, ambao pengine dalili yao ya kwanza ni kuvimba viganja na nyayo na kulia kwa maumivu. Mzazi aonaye hivyo asiseme mtoto ameumwa na mdudu, bali ampeleke akapimwe damu.

Kazi ya tatu ni kuweka akiba. Katika kila sehemu 100 za kalsiamu iliyomo mwilini, 99 zimo mifupani na menoni, na ile moja iliyobaki huzunguka katika damu na nyama, na bila hiyo moyo hauwezi kupiga wala misuli haiwezi kukaza. Chakula kikiwa hakina kalsiamu, mwili hauko tayari kuuacha moyo ukose, basi huichukua mifupani, wala mwenye mwili hasikii lolote. Hapo ndipo ilipo hatari yake, kwa sababu upungufu wa namna hii hauleti homa wala kikohozi, na mtu huenda akaishi nao miaka ishirini asijue.

Jaribio la jikoni

Mwenye kutaka kuona kwa macho yake mfupa umefanywa kwa nini, na achukue mifupa miwili ya paja la kuku, aisafishe nyama yote. Mmoja autie katika gilasi ya siki, aifunike, na kuibadilisha siki baada ya siku mbili tatu. Wa pili auweke juu ya makaa mpaka uungue uwe mweupe. Baada ya juma moja au zaidi ule wa sikini, uoshwapo, utapindika kwa vidole bila kuvunjika, kwa kuwa siki imeondoa madini ya chokaa na kuacha nyuzinyuzi zenyewe. Na ule wa motoni utabaki na umbo lake kamili, walakini ukiubana utapukutika, kwa kuwa moto umeteketeza nyuzinyuzi na kuacha madini peke yake. Hali ni kama nyumba za mawe za Lamu na Unguja, ambazo hazisimami kwa chokaa peke yake wala kwa boriti peke yake. Nyuzinyuzi hujengwa kwa vyakula vya kujenga mwili kama maharage, kunde, samaki, mayai na nyama. Madini ni kalsiamu na fosforasi. Watoto hulipenda sana jaribio hili, na huenda likawafaa kuliko maonyo mengi.

Chakula na jua

Mtu mzima huhitaji kalsiamu ipatayo miligramu 1000 kwa siku, na kikombe kikubwa cha maziwa, yakiwa mabichi yaliyochemshwa au ya mgando, humpa kama 300. Kwa asiyeyapata maziwa, au ambaye tumbo lake haliyapokei, ziko njia nyingine ambazo si za gharama: dagaa waliwao wazima pamoja na miiba yao, uji wa wimbi, ambao katika nafaka zetu hauna mshindani kwa kalsiamu, ufuta, na majani ya mlonge. Mchicha nao ni mboga njema kwa mengi, ila kalsiamu yake imefungwa na asidi iliyomo ndani yake, hata ni kidogo tu ipitayo mwilini. Basi usitegemewe peke yake kwa jambo hili. Inasikitisha kuona nyumba ambamo dagaa huhesabiwa kuwa chakula cha siku ya dhiki, na soda kuwa ndiyo heshima ya mgeni.

Walakini kalsiamu haiingii ipasavyo bila vitamini D, na hii mwili huitengeneza wenyewe ngozi ipatapo jua. Katika miji ya viwanda ya Ulaya, ambako moshi na baridi viliwazuilia watoto jua, matege yalikuwa balaa kubwa, mpaka mwaka 1919 tabibu Kurt Huldschinsky wa Berlin alipowaangazia watoto wagonjwa taa itoayo miale ile ya jua isiyoonekana kwa macho, na picha za eksirei zikaonyesha mifupa yao ikipata nguvu. Sisi tumejaliwa jua la kutosha, illa tunalikimbia: mtoto mchanga hufunikwa nguo tupu na kufungiwa chumbani kwa miezi, naye anyonyaye hapati vitamini hiyo ya kutosha katika maziwa ya mama. Na atolewe nje jua likishapanda, saa tatu au saa nne za asubuhi, mikono na miguu yake ikiwa wazi kwa muda mfupi, kichwa kikiwa kivulini. Mama avaaye buibui hana haja ya kuiacha ada yake. Wazee wetu walijenga nyua ndani ya nyumba zao, na katika ua mwanamke huweza kuanika nguo na kupepeta mchele akiwa na kanga tu.

Miguu ya mtoto anayeanza kutembea huwa imepinda kidogo kwa maumbile, nayo hunyooka. Lakini upindo ukizidi baada ya miaka miwili, au vifundo vya mikono vikivimba, au mtoto akichelewa kusimama, apelekwe zahanati mapema, kwani mfupa ukiwa bado mchanga hunyooka kwa dawa bila kisu.

Maji na magadi

Kwa wakaao Arusha, Kilimanjaro na sehemu nyingine za Bonde la Ufa, na wenzao wa upande wa Nakuru, liko jambo la kuongeza. Maji ya nchi za volkano huweza kuwa na floraidi nyingi kupita kipimo cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 1.5 kwa lita. Dalili ya kwanza ni meno ya kahawia, ambayo watu wamezoea kuyafanyia mzaha. Lakini ikizidi sana, floraidi huingia katika madini ya mifupa, uti wa mgongo ukakakamaa na miguu ya watoto ikapinda. Kuyachemsha maji hakuiondoi, bali hupunguza maji na kuiacha floraidi ile ile. Magadi yatiwayo katika maharage na makande nayo huwa na floraidi; ni afadhali maharage yalowekwe usiku kucha, nayo yataiva upesi bila magadi. Maji ya mvua ni salama kwa upande huu, na kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeeneza vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao huinasa floraidi kabla haijaifikia mifupa ya watu.

Kuvunjika na kuanguka

Mifupa huzidi kuwa imara hata umri wa miaka kama 30, ikiwa mtu hutembea, hulima, hucheza na kubeba kwa kiasi. Tumbaku na ulevi huidhoofisha. Baadaye hupungua taratibu, na kwa mwanamke aliyekoma hedhi hupungua kwa kasi katika miaka ya mwanzo, hata kuanguka kudogo kukavunja kifundo cha mkono au nyonga. Basi nyumba yenye mzee na itazamwe: sakafu ya chooni isiteleze, mkeka usiwe na ncha iliyojikunja njiani, taa iwe karibu na kitanda, na mitalawanda ya kuogea, ijapokuwa ni ya ukumbusho mwema, iwekwe kando.

Aliyevunjika asivutwe wala asikandwe kwa maji moto. Kiungo kifungwe pamoja na banzi kama kilivyokutwa, vidole vikiachwa wazi; vidole vikiwa baridi, vyeusi au vikifa ganzi, kamba zilegezwe hapo hapo, kwa sababu wako waliopoteza mkono mzima kwa kufungwa sana, na si kwa kuvunjika. Mfupa ukitokeza nje, ufunikwe kwa kitambaa safi, usirudishwe. Na mzee aliyeanguka akashindwa kuinua mguu, nao ukaonekana mfupi kuliko mwenziwe na unyayo umegeukia nje, huyo amevunjika nyonga: abebwe juu ya ubao au kitanda, apelekwe hospitali siku ile ile, asilazwe nyumbani kwa majuma akingojea maumivu yapoe.