Mvua, Kibaraza na Dimbwi: Maswali kwa Mpiga Picha wa Kasekese

Mkoa wa Katavi, Tanzania, una msimu mmoja tu wa mvua, takribani Novemba hadi Aprili, na wapiga picha wengi huutumia kufungia kamera kabatini. Kwa hiyo picha nyingi za vijijini huko ni za vumbi na jua kali. Katika kata kama Kasekese, Wilaya ya Tanganyika, mvua kubwa ya alasiri huwatoa watu njiani na kuwabananisha kwenye kibaraza cha duka, na hapo ndipo kazi inapoanzia.

Mbona mvua inaonekana kwa macho lakini kwenye picha haimo?

Mara nyingi kosa ni anga jeupe nyuma ya matone. Tone huonekana likiwa mbele ya kitu cheusi: mlango wa duka ulio wazi, kivuli cha mwembe, ukuta wa matofali ya kuchoma. Likimulikwa kwa ubavuni au kwa nyuma, linang'aa.

Kinachofuata ni kasi ya shata. Tone la milimita 2 huanguka takribani meta 6.5 kwa sekunde. Kwenye 1/1000 ya sekunde linasogea chini ya sentimeta moja, likawa kishanga. Kwenye 1/60 linaacha mstari wa kama sentimeta 11. Anayetembea kwa kujivuta chini ya mwavuli anafaa kupigwa kwa 1/125: mvua inachora nyuzi, naye habadiliki ukungu. Flashi izimwe. Humulika matone yaliyo karibu na lenzi na kuyageuza madoa meupe.

Mpiga picha awakimbize wapita njia?

Hapana. Atafute dimbwi ambalo lazima waliruke, kisha asubiri.

Mpiga picha Mfaransa Henri Cartier-Bresson alipata picha ya namna hiyo mwaka 1932 nyuma ya kituo cha reli cha Saint-Lazare, Paris, akamnasa mwanamume aliye hewani juu ya maji. Yeye mwenyewe alisema kilichomwasha ni picha iliyopigwa na Martin Munkácsi ya vijana watatu wakiyakimbilia mawimbi, picha inayojulikana kwa jina la Ziwa Tanganyika, ziwa lile lile linalopakana na wilaya hii. (Wapo wanaosema ilipigwa Liberia. Jina limeshaganda.)

Kasekese dimbwi halitafutwi kwa tochi. Kazi ni kuchutama, ili mrukaji na kivuli chake majini viingie pamoja, huku mama aliyejifunika kanga kichwani, ndala mkononi, akipima pa kukanyaga.

Na radi?

Mpiga picha ahesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo. Kila tatu ni kama kilometa moja. Zikiwa chini ya 30, aingie ndani ya nyumba. Kibaraza huzuia maji, hakizuii radi, na mwembe ni hatari zaidi.

Lazima kuomba ruhusa?

Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023. Uso unaotambulika si wa kuchezea, hasa picha ikienda kwenye biashara. Mvua yenyewe inarahisisha: watu wamekwama pamoja, muda upo. "Shikamoo mama, naomba nikupige picha" inatosha kuanzia, na akikataa, basi. Nguo iliyolowa ikagandamana na mwili haipigwi hata pasipo sheria. Kwa watoto wa shule, aulizwe mzazi au mwalimu.

Kamera italindwaje?

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, lakini nailoni iliyofungia shuka jipya inafaa sana: itobolewe tundu la lenzi, ifungwe kwa mpira. Kitambaa cha pamba kikae mfuko wa ndani, kisilowe. Kamera ikiingia maji, betri itolewe kwanza. Kuizika kwenye mchele ni kupoteza muda na kuitia vumbi. Vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vinafanya kazi zaidi. Anayepiga kwa simu asiichaji mpaka tundu la chaji likauke kabisa.