Bunduki ya sungura kwa mwenye shoto

SWALI: Msomaji wa Kentucky, Marekani, anayetumia mkono wa kushoto, anataka bunduki ndogo ya marisawa ya kukoki kwa mkono, awinde sungura na mbwa wake aina ya beagle. Achukue ya kipimo cha .410 au cha geji 20?

JIBU: Geji 20. Wengi huvutiwa na wepesi wa .410, lakini risasi yake ya inchi 2.5 kwa kawaida hubeba gramu 14 tu za marisawa; ya geji 20 hubeba takriban 25. Sungura aliyekurupushwa kichakani hakimbii moja kwa moja, na marisawa machache humjeruhi tu akatokomea. Ajabu ni kwamba wazazi humnunulia mtoto hiyo .410, silaha inayotaka fundi!

Kwa mwenye shoto, bunduki ya Ithaca 37 ndiyo hasa: hutema maganda kwa chini, hayampitii usoni. Mossberg 500 huyatoa kulia, ila kitufe chake cha usalama kiko juu, katikati, kidole gumba cha mkono wowote hukifikia.

Marisawa namba 6 yanatosha. Mdomo wa mtutu usibanwe sana, maana sungura wengi hupigwa karibu; ila awe mwangalifu, beagle huwa nyuma yao.