Usiiuze kama chuma chakavu: kompyuta ya zamani inaweza kutunza picha na video zote za biashara yako

Leo tunaongelea ile kompyuta ya mezani iliyokaa kona ya sebule, imefunikwa kitambaa. Kabla hujaiuza kwa bei ya kutupa, soma hili somo mpaka mwisho.

Jiulize kwanza: simu yako ikiibwa leo kwenye daladala, itakuwaje? Laini utairudisha, na pesa yako ya kwenye laini utaikuta. Lakini picha za bidhaa ulizopiga mwaka mzima na zile video za kufungua mzigo, utazitoa wapi? Sisi wa mtandaoni wengi wetu hatuna fremu barabarani. Picha ndiyo fremu yetu.

Google inakupa GB 15 za bure, tena hizo wanagawana barua pepe, faili na picha. Kwa mtu wa video kila siku, zinajaa haraka. Halafu kupandisha video ni bando, kuishusha tena ni bando.

Mimi nauza viatu na mikoba. Kompyuta yangu ni Dell OptiPlex ya zamani, ina rami ya GB 4 tu, na ndiyo seva yangu ya nyumbani. Seva isikutishe, ni kompyuta inayotunza vitu na kuvigawa kwa vifaa vingine. Picha na video zinakaa humo, mimi naziona kwenye simu na kwenye TV.

Kuna jambo wengi hawalijui. Simu na seva vikiwa kwenye Wi-Fi moja, vinaongea kupitia ruta ya ndani. Video haitoki nje kwenda kwenye intaneti, kwa hiyo kuiangalia hakuli bando. Hata bando likiisha, ruta ikiwa inawaka, kazi inaendelea.

Twende hatua kwa hatua.

1. KAGUA MASHINE. Ifungue, puliza vumbi kwenye feni. Kama saa inarudi nyuma kila ukiwasha, badilisha kale kabetri ka duara, kanaitwa CR2032. Kisha pima diski kwa programu ya bure ya CrystalDiskInfo. Ikisema diski ina tatizo, usiweke kitu humo, tafuta diski nyingine. Diski ya GB 500 siyo ndogo. Kwa mfano, dakika moja ya video ya 1080p kwenye iPhone ni kama MB 130, kwa hiyo utaweka zaidi ya saa 50 za video.

2. AMUA MFUMO. Windows 10 ilifika mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazina sifa za kupokea Windows 11. Una njia mbili. Ya kwanza ni kuweka Linux Mint, ni bure na ni nyepesi. Kama hujawahi, mlipe fundi akuwekee. Ya pili ni kubaki na Windows 10, ila mashine iwe ya kutunza tu. Usiingie benki wala kufungua barua pepe humo.

3. WEKA JELLYFIN. Hii ni programu ya bure, haina malipo ya mwezi. Ipakue kwenye tovuti yake yenyewe, jellyfin.org. Ukimaliza kuiweka, fungua kivinjari kwenye hiyo kompyuta, andika localhost:8096, tengeneza jina na nenosiri, kisha ionyeshe folda zako. Ikiuliza aina, chagua ile ya video za nyumbani na picha, siyo ya filamu.

4. UNGANISHA SIMU NA TV. Tafuta anwani ya IP ya kompyuta. Kwenye Windows unaandika ipconfig kwenye ule ukurasa mweusi wa amri. Tuseme ni 192.168.1.20. Kwenye simu andika http://192.168.1.20:8096, au pakua programu ya Jellyfin ya simu. Android TV nayo ina ya kwake. Ingia kwenye mipangilio ya ruta uifungie kompyuta hiyo namba, isije ikabadilika. Na uzime ile tabia ya kompyuta kujilaza yenyewe.

5. PANGA FOLDA KAMA UNAVYOPANGA DUKA. Mimi nina folda ya kila aina ya bidhaa, ndani yake mwezi na mwaka. Mteja akiuliza, "Ile mikoba ya Machi bado ipo?", naifikia kwa dakika moja. Akija kuchukua mzigo nyumbani, namwonyesha rangi zote kwenye TV. Mara nyingi anaondoka na cha pili.

6. HAMISHA PICHA VIZURI. Usijitumie picha WhatsApp kwa njia ya kawaida, inazipunguza ubora. Tumia waya wa USB, kila Jumapili. Kama video inakwama kwenye TV, angalia mipangilio ya kamera. Simu nyingi mpya zinarekodi kwa HEVC, na prosesa za zamani zinahangaika kuibadilisha. Chagua H.264, au kwenye iPhone lile chaguo la kuendana na vifaa vingi.

7. PIGA HESABU YA UMEME. Tuseme mashine inakula wati 60. Saa 10 kwa siku ni uniti 0.6, kwa mwezi uniti 18. Zidisha kwa bei ya luku yako. Na kama uko lile kundi la TANESCO la matumizi madogo, lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, kuwa makini zaidi, maana uniti 18 zinaweza kukutoa kundini. Mimi siiwashi usiku. Umeme wa mtaani kwako ukikatika sana, weka UPS ndogo, kukatika ghafla kunaua diski.

Sasa mambo mawili ya kushika sana.

Moja, usikubali mtu akufungulie milango ya ruta ili uione seva ukiwa nje. Kama hujui kuilinda, ibaki ya ndani tu. Nenosiri la Wi-Fi nalo usiligawe kwa mtaa mzima.

Mbili, seva peke yake siyo usalama. Ukihamishia picha zote humo na kufuta kwenye simu, bado una nakala moja, na diski ya zamani hufa bila kuaga. Nunua diski ya nje, nakili kila mwisho wa mwezi, kisha ikae nyumba nyingine, kwa dada au kwa mama. Mwizi akibeba kompyuta, hawezi kubeba na ya kwa mama.

Kazi ya wiki hii: ukikwama popote anza na hiyo diski ya nje, hata kabla ya seva. Ukiifanya, andika hapo chini umefikia hatua ya ngapi, tusaidiane. Na mtumie mwenzako ambaye duka lake lote liko kwenye simu moja.