SOMO LA BIOLOJIA: KWA NINI NDIZI HAINA MBEGU?

Katika somo hili tutajifunza jinsi mimea inavyozaana na maana ya urithi. Mfano wetu mkubwa ni mgomba, ambao kila mmoja wetu hapa Ngara na Biharamulo anaujua tangu utotoni.

1. Kuzaana kwa mbegu

Tuanze na mahindi. Juu ya bua kuna mbelewele, sehemu ya kiume, inayotoa unga uitwao chavua. Chini yake kuna gunzi lenye ndevu, sehemu ya kike. Kila unywele umeunganishwa na mahali pa punje moja. Upepo ukiipeleka chavua kwenye ndevu, punje hutungwa. Hivyo punje hupata nusu ya urithi kwa baba na nusu kwa mama. Ndiyo maana mahindi meupe yakipandwa karibu na ya manjano, gunzi moja laweza kuwa na punje za rangi mbili.

Mtende una mti dume na mti jike. Wakulima wa Madina tangu zamani huchukua maua ya dume na kuyaweka kwenye jike kwa mikono.

2. Urithi hukaa wapi?

Ndani ya seli kuna nyuzi ndogo mno ziitwazo kromosomu. Hizo hubeba jeni, yaani maagizo ya urithi. Binadamu ana kromosomu 46: 23 za baba na 23 za mama.

Migomba ya mwituni ya Asia ina kromosomu 22, yaani seti mbili za 11. Ndizi zake zimejaa mbegu ngumu. Migomba yetu ya ndizi za kupika ina 33, yaani seti tatu. Seti mbili hugawanyika sawasawa, lakini tatu huwezi kuzigawa kwa mbili. Kwa hiyo mbegu haikamiliki, na tunda hukua bila mbegu.

3. Mtoto aliye sawa na mama

Mgomba basi huzaana kwa chipukizi. Chipukizi halina baba. Jeni zake ni zile zile za mama. Faida yake ni kwamba ukipata mgomba mzuri, watoto wake watakuwa wazuri vile vile. Hasara yake ni kwamba ugonjwa unaomshinda mama utawashinda na watoto, maana wote wana udhaifu mmoja.

4. Mtihani wa mnyauko

Hasara hiyo tumeiona. Mnyauko wa bakteria ulionekana Uganda mwaka 2001, na mwaka 2006 ukathibitishwa mkoani kwetu Kagera. Majani hugeuka manjano na kunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati na ndani huwa na rangi ya kahawia, na shina likikatwa hutoa usaha wa manjano. Shamba lililolisha nyumba na kulipa ada laweza kuisha.

Wadudu wanaofuata utamu wa ua dume, lile la zambarau linaloning'inia mwisho wa mkungu, hubeba bakteria. Ua hilo halina kazi kwa ndizi zilizokwisha kutungwa. Kwa hiyo:

(a) Chana la mwisho likitokea, vunja ua dume kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu.
(b) Panga lipitishwe motoni kabla ya kwenda mgomba mwingine.
(c) Mgomba mgonjwa ukatwe chini kabisa.
(d) Usichukue machipukizi kwenye shamba lenye ugonjwa.

Mwanafunzi, ukirudi nyumbani waeleze baba na mama kwa adabu sababu ya kila jambo. Mtu akijua sababu, hachoki kutenda.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mgomba wenye kromosomu 33 hauzai mbegu?
2. Taja tofauti moja ya urithi kati ya punje ya hindi na chipukizi la mgomba.
3. Kwa nini tunatumia kijiti badala ya kisu?

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.