Kabla Hujaweka PIN: Simu Feki Inavyofika Garsen

Huenda unajiuliza: mambo ya forodha yananihusu nini mimi niliye Garsen, na bandari iko Mombasa, zaidi ya kilomita 200? Yanakuhusu siku unaponunua simu. Simu nyingi tunazotumia zimetoka nje, na bandarini ndipo feki hukamatika kwa urahisi kwa sababu zimo pamoja kwenye kontena moja. Zikishatawanyika madukani na kwenye mikoba ya wachuuzi, kuzifuata moja moja ni kazi isiyoisha.

Afisa wa forodha atajuaje ni feki? Jina na nembo ya simu ni alama ya biashara. Hapa Kenya alama husajiliwa KIPI na kulindwa miaka 10, kisha inaweza kusajiliwa upya. Chini ya Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya 2008, mwenye chapa anaweza kumwomba Kamishna wa Forodha azuie mzigo unaoshukiwa. Maafisa nao wanaweza kuuzuia bila kuombwa. Lakini kesi inahitaji mtu wa kusema "hii si yetu", ndiyo maana kampuni iliyolala huibiwa jina lake kirahisi. Muuzaji akipatikana na hatia anaweza kufungwa hadi miaka 5, au kulipa faini isiyopungua mara tatu ya bei ya bidhaa hizo.

Hata hivyo, feki hupenya. Mwishoni mwa Septemba 2012 serikali iliamuru simu feki zizimwe, na karibu milioni 1.9 zikakatwa kwenye mtandao. Muuzaji alikuwa ashakula pesa zake. Hasara ikabaki kwa mnunuzi. Pesa za kwenye akaunti hazikupotea, kwa kuwa zinafuata laini, si simu. Lakini fikiria mfugaji aliye malishoni, mbali na duka, hana simu ya pili ya kuweka laini. Pesa ziko, na hawezi kuzigusa.

Kwa hivyo ukiwa dukani, washa simu kwanza, bonyeza *#06#. Itatokea namba ya IMEI yenye tarakimu 15. Linganisha na ile ya kwenye boksi na ya chini ya betri, kama betri inatoka. Zikitofautiana, rudisha simu. Zikifanana, bado angalia jina la chapa herufi kwa herufi, maana wajanja hunakili hata IMEI.

Lipa kwa Till ya duka, usitume kwa namba ya mtu binafsi. Meseji itabaki na jina la biashara, kiasi na tarehe, usiifute. Omba risiti iliyoandikwa IMEI. Hivyo viwili ndivyo utakavyobeba ukienda kulalamika kwa Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia, ACA. Huduma ya kurudisha pesa ni ya aliyekosea namba. Ukishaweka PIN na pesa zimefika kwa muuzaji uliyemkusudia, sisi hatuwezi kumnyang'anya kwa sababu simu imegeuka kuwa feki.